Rangi Aliyozaliwa Nayo Apolline

Marehemu Apolline Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1997, Walungu, Kivu Kusini. Alizaliwa mweusi tii, na mama yake, Mama Eliane, alimpaka mafuta ya mawese kila asubuhi mpaka majirani wakauliza kama anataka kumkaanga.

Shule ya msingi aliianza Walungu. Vita viliifikisha familia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2012, na huko alimaliza sekondari, akajifunza kusuka.

Alifanya kazi saluni Kakoba, Mbarara. Mikono yake ilikuwa myepesi, wateja walisinzia kitini. Mwaka 2021 mwenye duka la vipodozi alimpiga picha ya tangazo. Bango lilipotundikwa, sura ilikuwa ya Apolline, rangi haikuwa yake. Alipouliza, alijibiwa, "Nyabo, bibie, ni wewe tu, tulikusafisha kidogo." Kumsafisha! Alikuwa na uchafu gani? Wateja nao walilitazama bango, wakamtazama yeye, wakasema, "Mbona kwa picha ndiyo uko muzuri?" Akaanza kununua krimu za duka lilelile, ili afanane na picha yake mwenyewe.

Tarehe 9 Aprili 2022 alifunga ndoa na Gradi, kanisani Nakivale. Gradi alikuwa amemwambia, "Mi naoa weye, hapana ile bango." Lakini sauti ya mume mmoja itashindana vipi na televisheni ya saluni, inayoonyesha weupe kutwa nzima?

Mwaka jana miguu ilivimba, kisha uso. Daktari alisema zebaki ya zile krimu imeharibu figo. Apolline alifariki Mbarara tarehe 6 Juni mwaka huu. Duka liko wazi. Bango halijashushwa, na gari lililobeba jeneza lilipita chini yake.

Hata programu hii ya mazishi ililetwa mara ya kwanza picha ikiwa imeng'arishwa. Mchapishaji alidhani anafanya hisani, kwa kuwa marehemu wote huwang'arisha. Mama Eliane alizirudisha nakala zote: "Huyu hapana mutoto yangu. Munirudishie ule nilizala." Picha mliyoishika ni ya kabla ya bango.

Ameacha mama, dada yake Eliane, mume na binti mmoja, Grâce, mweusi kama yeye. Jana, hapahapa matangani, mtu alimfariji mtoto huyo kwamba akikua atatakata. Asirudie.

Apumzike kwa amani Apolline, mweusi kama alivyozaliwa.