Bi Ndara na Swali la Saba

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne katika kitengo chetu cha utafiti wa watazamaji, Bi Ndara anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu. Sisi wengine tumemwita hivyo tangu tuajiriwe, naye huitika.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba jioni, fomu mkononi, akiuliza watu wanatazama nini kwenye televisheni. Inaonekana kazi nyepesi mpaka uifanye. Watu hudanganya zaidi kuhusu televisheni kuliko wanavyodanganya kuhusu umri wao. Baba mwenye nyumba ataapa kwamba yeye ni taarifa ya habari tu, kisha akusimulie tamthilia nzima mpaka nani kamwacha nani. Bi Ndara alipata dawa yao mapema: kabla ya kupiga hodi, alisimama mlangoni akahesabu ndara. Zikiwa jozi kumi na tisa nje, na mwenyeji anadai wako wanne, alijua pa kuanzia.

Miaka hiyo mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, mbili zikizidi. Majirani walikuja na vigoda vyao, watoto wakakaa sakafuni, waliochelewa wakachungulia dirishani. Habari za saa mbili zikianza, aliyekohoa alitolewa nje. Swali la saba la fomu yetu, "Ulitazama na nani?", lilikuwa na mistari kumi na miwili ya kujazia, na bado Bi Ndara alilazimika kubana karatasi ya ziada.

Hatuwezi kumuaga bila kutaja zile jozi arobaini na moja. Alizikuta kwenye nyumba moja Jumapili alasiri, mwenyeji katoka, televisheni inanguruma ndani. Akaandika watazamaji arobaini na mmoja wa kipindi cha matumizi ya samadi. Wakubwa walifurahi, wakakiongezea kipindi nusu saa. Mwezi uliofuata alirudi, akamkuta mwenyeji ameketi katikati ya zile jozi na sindano mkononi. Alikuwa fundi viatu. Bi Ndara aliandika barua ya kukiri kosa bila kuombwa na mtu, lakini samadi iliendelea kula ile nusu saa miaka mitatu. Tangu hapo hakuandika idadi yoyote kabla ya kuingia sebuleni na kuketi.

Kisha ndara zikaanza kupungua. Kila nyumba ikanunua televisheni yake, vigoda vikabaki makwao. Ikaja rimoti, na ugomvi wa nani aishike. Zikaja simu, ugomvi ukaisha, na maongezi yakaisha nao. Anakumbuka nyumba yenye watu sita na skrini sita, kila mmoja na kona yake, huku ile televisheni kubwa ikiongea na makochi.

Miaka miwili iliyopita lililetwa kikaoni pendekezo la kufuta swali la saba. Nikiri hapa kwamba pendekezo lilikuwa langu. Nilikuja na chati za rangi kuonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wanajibu "peke yangu", nikasema tunapoteza wino. Bi Ndara hakubishana. Aliomba miezi sita tu.

Alianzia kwa muuguzi mmoja mstaafu. Mlangoni palikuwa na jozi moja, lakini ndani alisikia vicheko viwili. Mama yule alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, dada yake wa mji mwingine yuko hewani, wote wawili wanafuatilia tamthilia moja na kumtukana mwanamume mmoja. Mara sauti ikatoka simuni: "Simamisha hapo hapo, naepua chungu, na ole wako uendelee bila mimi!" Katika fomu muuguzi alikuwa ameandika "mmoja". Bi Ndara aliketi, akasahihisha: wawili. Kati ya nyumba mia mbili alizopita, alikuta sitini na tatu za namna hiyo. Swali la saba lilibaki, na sasa linauliza pia nani yuko kwenye simu. Fomu mpya niliichapa mimi mwenyewe, kwa adabu zote.

Mwezi Aprili tuliijaribu fomu hiyo sisi wenyewe, kila mfanyakazi wiki moja nyumbani kwake. Haina jina, ila mwandiko wa Bi Ndara nani asiyeujua? Miaka yote hiyo, saa ambayo watu hukaa pamoja, yeye alikuwa kwenye milango ya wengine. Mumewe alimtazamia vipindi na kumsimulia akirudi, na mumewe tulimzika miaka minne iliyopita. Watoto wamekwishahama. Kwenye swali la saba, siku zote saba, alikuwa ameandika neno moja: "Mwenyewe." Nililisoma nikaona aibu, maana ndilo swali nililotaka kulifuta.

Kwa hiyo, Bi Ndara, saa ya ukutani hatukupi. Asante kwa kutufundisha kuketi kwanza ndipo tuhesabu. Maisha yako huko mbele yawe mema na yenye afya. Na Ijumaa ya kwanza ya Julai, saa moja na nusu jioni, utasikia hodi. Tuko kumi na mmoja, vigoda tunakuja navyo, na mimi nitakuja na fomu ya zamani, ile ya mistari kumi na miwili. Huo mmoja utakaobaki ni wa jirani atakayechungulia dirishani. Tukishaketi, toka nje kidogo ukahesabu ndara, kisha urudi ujaze swali la saba.