Mbuthia wa Gichuru, Fundi wa Masanduku ya Kidato cha Kwanza

Wachungaji, wazee, akina mama, majirani wa mitaa ya Jericho, Ziwani na Tena, mafundi wa Shauri Moyo mliofunga vibanda leo, na ninyi viongozi wa Klabu ya Mkono wa Jirani mliopewa viti vya mbele, familia inawaomba mtulie kidogo, historia hii haitakuwa ndefu kuliko maisha yenyewe. Inasomwa na Nduta, binti wa kwanza wa marehemu, ambaye atajitaja kwa jina kama atakavyowataja wengine, kwa sababu ndivyo familia ilivyokubaliana, na kwa sababu akianza kusema mimi, mimi, huenda asifike mwisho.

Marehemu Mbuthia alizaliwa mwaka wa 1931 huko Kangema, Murang'a, tarehe haijulikani ila mama yake alisema ilikuwa mvua kubwa, akiwa mwana wa pili wa Gichuru na Nduta, ambao wajukuu wamerithi majina yao, wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya misheni mwaka wa 1940, akaiacha mwishoni mwa 1942 akiwa darasa la tatu, si kwa ujinga, la, bali kwa sababu nyumba yao iliweza kusomesha mtoto mmoja tu, na kaka yake ndiye alikuwa mkubwa. Jambo hilo alilisimulia mezani mpaka watoto wake wakalikariri, jinsi alivyosimama na mbuzi akimtazama kaka yake akiteremka mlima na kibao chake cha kuandikia. Mtu angedhani aliyekatwa na kisu hicho angeyajua makali yake.

Alifika Nairobi Februari 1949 akafanya kazi ya kufagia ghala, hadi tarehe 24 Aprili 1954 alipokamatwa na wakoloni pamoja na maelfu ya wenzake, akapelekwa kizuizini Manyani na baadaye Mwea, na kwa miaka minne jina lake lilikuwa nambari, akiitwa kwa nambari, akila kwa nambari, akichapwa kwa nambari. Alipoachiliwa Mei 1958 alirudi mjini bila kazi wala kitambulisho cha maana, akapokewa na fundi Kiilu wa Shauri Moyo, Mungu amrehemu, aliyemfunza kukata bati, kulikunja bila kulipasua, na kutengeneza bawaba ambayo mlevi akiikalia haivunjiki. Mwaka wa 1961 alijenga kibanda chake mwenyewe, na kuanzia hapo mkono wake ulijulikana, sanduku la Mbuthia ukilitupa kutoka juu ya lori hufika chini likiwa bado sanduku.

Tarehe 8 Desemba 1962 alifunga ndoa kanisani na Wakiuru binti Wanyoike, mjane mnayemwona hapa, wakaanza maisha katika chumba kimoja Ziwani, wakahamia Jericho mwaka wa 1966. Walijaliwa watoto watatu, Nduta aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1964, Gichuru wa mwaka wa 1967, na Njoki wa mwaka wa 1971. Alikuwa baba asiyepiga, asiyelewa, mwenye kuchelewa kucheka, na akicheka, lo, nyumba ya tatu walisikia.

Sasa tunafika kwa klabu, na wazee wangu wa mbele, msianze kukohoa, bado.

Klabu ya Mkono wa Jirani ilianzishwa hapa mwaka wa 1972 na watu wema, familia inalisema hilo bila kinyongo, wakiwemo Bwana Nzomo, mwenyekiti mpaka leo, na Mwalimu Asenath Khavere, aliyekuwa katibu. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta watoto wa mitaa hii waliofaulu mtihani wa darasa la saba na ambao wazazi wao hawajiwezi, wawalipie karo, wawanunulie blanketi na godoro, na waanzishe timu za vijana wasije wakamalizwa na kuzurura. Januari 1973 Mwalimu Asenath alikwenda Shauri Moyo kuulizia bei ya masanduku manne, maana mtoto haendi bweni bila sanduku lenye kufuli, na marehemu akamjibu kwamba sanduku la mtoto anayekwenda shule yeye haliuzi, achukue. Tangu mwaka huo mpaka mwaka jana alitengeneza masanduku sitini na mawili, na wengi wenu mlioketi hapa na tai zenu shingoni mlificha mkate na sukari ndani ya bati lake, wala hamwezi kukana.

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1977, klabu ilimwalika ukumbini ikamfanya mwanachama wa heshima, ikambandika kifuani beji ya shaba yenye mikono miwili iliyoshikana. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Wakiuru alimwambia apunguze madaha magari yasije yakamgonga, lakini na yeye alikuwa akicheka, na usiku huo walikula nyama ingawa haikuwa Krismasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila siku hiyo nani angewakumbuka wahenga?

Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba, kibanda kiliteketea kwa moto, bati, mbao, nyundo, mikasi, vyote, na nyumba ikabaki inaishi kwa sukuma wiki na huruma ya majirani. Desemba matokeo yakatoka. Nduta alipata alama thelathini na nne kati ya thelathini na sita, akaitwa shule ya wasichana ya bweni upande wa Limuru, na barua ile ilisomwa katika kila nyumba ya mstari wetu mpaka ikachoka kwenye mikunjo. Baba yake aliomba bati kwa Kiilu, akamtengenezea sanduku la rangi ya samawati, pembe zimeviringwa, na Nduta mwenyewe akaandika jina lake juu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kwa sababu hati yake ilisifiwa tangu darasa la nne.

Jumamosi tarehe 7 Januari 1978 kamati ya klabu iliketi kuchagua wanafunzi. Jina la Nduta lilikuwa la kwanza kwa alama. Hapo ndipo kilipofunguliwa kifungu cha nne cha katiba yao, kinachosema mtoto wa mwanachama hatasaidiwa na klabu, watu wasije wakasema wanajipakulia wenyewe. Mwalimu Asenath alisimama akasema jamani, huyu ni mwanachama wa heshima tu, hapigi kura, hana hata kadi, na nyumba yake inanuka moshi mpaka leo. Bwana Nzomo akamjibu, kwa sauti yake ile tunayoijua, kwamba mwanachama ni mwanachama, heshima haina nusu, na kama ndugu Mbuthia anataka binti yake asikizwe, basi airudishe beji Jumamosi ijayo mbele ya kikao, na jambo litafunguliwa upya siku hiyo hiyo. Familia inataka ieleweke vizuri kwamba mlango uliachwa wazi wiki nzima.

Wiki hiyo Wakiuru hakunyamaza. Alimwambia mumewe kwamba beji haichemshwi ikawa githeri, kwamba shaba ni shaba, mtoto ni mtoto, na kwamba akirudi nayo nyumbani wasijuane. Marehemu aliahidi. Asubuhi ya tarehe 14 aliifunga beji katika kitambaa cha mkono, akaitia mfukoni, akamchukua Nduta, wakabeba lile sanduku la samawati mpaka ukumbini, kila mmoja akishika mkono mmoja wa sanduku, kwa sababu waliochaguliwa walitakiwa kuja na masanduku yao.

Ukumbi ulikuwa umepambwa, kumbe siku hiyo klabu ilikuwa na mgeni wa heshima na mpiga picha. Kwenye mstari wa mbele kulikuwa na viti vyenye karatasi, na karatasi moja iliandikwa kwa taipu, Bwana Mbuthia Gichuru. Nduta, aliyekalia sanduku lake karibu na mlango, alimwona baba yake akiinama akiisoma ile karatasi, akiipapasa kwa kidole, mtu aliyeitwa nambari miaka minne, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuandika Bwana mbele ya jina lake, na mtoto akaogopa kabla ya kujua anaogopa nini. Waliochaguliwa waliitwa wakapigwa picha. Kisha Bwana Nzomo akauliza kama kuna mwanachama mwenye neno. Marehemu alisimama. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu, akaitoa beji, akaibandika kifuani pake, akasema anashukuru kwa kiti, akakaa.

Walirudi nyumbani na sanduku, kila mmoja akishika mkono wake. Wakiuru aliwaona wakiwa bado mbali, akaingia ndani akafunga mlango. Familia haitasimulia yaliyofuata, ila majirani wa ukuta mmoja nasi mnayajua, na tunawashukuru kwa kujifanya hamkusikia.

Februari 1978 Nduta aliingia kazini katika kibanda kilichojengwa upya, akiwa na miaka kumi na mitatu, na kazi aliyopewa ni kuandika majina. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu aliganga watoto wa watu wote huku mtoto wake mwenyewe akimshikia dawa. Kila Januari yalipokuja masanduku ya klabu, Nduta alichovya brashi akaandika jina la mtoto mwingine na shule ya mtoto mwingine, na Januari 1979 aliandika jina la msichana aliyekuwa akienda ile ile shule ya Limuru, jina hilo hatulisomi, mwenyewe hana kosa. Akiandika, baba yake aligonga bati, hata pasipokuwa na bati la kugongwa. Vijana wa kibandani walimtania, niaje mzee, unapiga hewa? naye akaendelea kugonga. Kwa kazi hiyo ya brashi mdogo wake Gichuru alimaliza kidato cha nne, na Njoki yuko kidato cha tatu sasa, na Nduta anawapenda, na bado inamuuma, yote mawili ni kweli na hakuna haja ya kuficha moja.

Beji marehemu aliivaa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi hadi mwaka wa 1980, halafu akaitia katika mkebe wa kakao, hakuivaa tena. Klabu ilikua, ikaacha kukutana ukumbini ikaanza kukutana katika hoteli za mjini, huko hakualikwa, lakini kila Januari ilimkumbuka kwa kumtuma dereva kuchukua masanduku.

Juni 1988 marehemu alianza kuugua kifua, akatibiwa zahanati ya mtaani, na tarehe 4 Januari mwaka huu akalazwa hospitalini. Ijumaa tarehe 3 Februari alimwomba Nduta amletee ule mkebe. Alimwambia, kwa pumzi ya kukatika katika, kwamba asimlaumu Nzomo, Nzomo aliacha mlango wazi, aliyeufunga ni yeye, na aliufunga kwa sababu ya kiti. Akamwomba airudishe beji alikopaswa kuirudisha. Nduta hakumjibu. Alimpangusa mdomo, akamnywesha uji, akaenda kusimama dirishani, akakaa kimya akidhani ziko siku nyingine za kusema. Hazikuwepo nyingi. Majuto ni mjukuu, na huyu amezaliwa akiwa na meno. Jumamosi tarehe 11 Februari 1989, saa nne asubuhi, Mbuthia wa Gichuru alikata roho, na binti yake mpaka sasa hajui kama ule ukimya wake ulikuwa huzuni au ulikuwa kisasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi kwa upole wao, mafundi wa Shauri Moyo walioliunda jeneza hili na kukataa kulipwa, Mwalimu Asenath Khavere ambaye kila mwaka alikuja na vitabu mkononi akimwambia Nduta asome tu, ipo siku, na Mama Batulo, jirani yetu, aliyepeleka uji hospitalini siku thelathini na nane akiwa na watoto wake saba wa kulisha.

Inaishukuru pia Klabu ya Mkono wa Jirani kwa shada la maua, na kwa barua ya Jumanne iliyopita, ikiomba mwanachama wake azikwe na beji kifuani na bendera ya klabu juu ya jeneza. Jibu la familia ni hili. Bwana Nzomo, tafadhali nyoosha mkono, beji yenu hii hapa, imechelewa miaka kumi na mmoja, mwezi mmoja na siku tatu, lakini imerudishwa mbele ya kikao, kama mlivyotaka. Kwa hiyo Mbuthia si mwanachama tena. Na kwa kuwa mlisema beji ikirudi jambo litafunguliwa siku hiyo hiyo, familia inawajulisha kwamba jina ni Nduta Mbuthia, alama thelathini na nne, miaka ishirini na minne, barua ya kuitwa shule anayo, na sanduku lake la samawati liko pale kando ya jeneza, halijawahi kusafiri. Kamati iketi.

Nenda ukapumzike, Baba. Kiti umekiacha.