Jemadari wa Maabara ya Meno na Wapiga Mishale Wake Wapya

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama. Yule mnayemwita Jini Brashi, anayewapaka rangi wapiga mishale wa Jemadari kila chumba cha chakula kinapokuwa kitupu, ni mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikiliweka mwisho nitaogopa kuliandika.

Fundi wetu wa meno bandia, ambaye wote tunamwita Jemadari, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia maabara hii kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipoambiwa niandike wasifu wake nilidhani msimamizi amekosea mtu. Ndiyo kwanza nimetoka shule, na kazi yangu hapa ni kupokea chapa za meno na fizi za wagonjwa kutoka kliniki na kuzibandika lebo. Msimamizi akasema, "Wewe huongei. Basi andika."

Jemadari alianza kwa kukoroga plasta na kuosha ndoo. Baadaye akafundishwa kuchonga nta, kisha kupanga meno, na tangu hapo wengi mjini wanatafuna kwa kazi ya mikono yake bila kumjua. Wakubwa wa kazi wanasimulia habari za bibi mmoja aliyerudisha meno mara tatu. Yalimkaa vizuri, hayakumchubua, lakini hakuyataka na hakujua kueleza kwa nini. Jemadari akaomba aletewe picha ya bibi huyo akiwa msichana. Alipoiona akacheka, akarudi mezani, akamtengenezea meno yenye mwanya. Siku bibi alipokuja kuyachukua, kicheko chake kilisikika kutoka kliniki hadi huku kwetu nyuma.

Lakini jina la Jemadari hakulipata kwa meno. Alilipata kwa vita.

Mgeni akiingia chumba chetu cha chakula hushangaa kuona nusu ya meza ndefu imekaliwa na majeshi. Ni askari wa plastiki, kila mmoja hazidi pingili ya kidole gumba, na kila mmoja ana macho, mkanda na vifungo vilivyopakwa rangi. Vita hivi huchezwa kwa zamu. Unapima kwa tepu askari wako wanaweza kutembea hadi wapi, kisha unarusha dadu kujua kama mshale umepata au umekosa. Milima ameitengeneza kwa mabaki ya plasta ya kazini. Mlima mkali kuliko yote unaitwa Kaakaa la Meneja, na meneja mwenyewe aliwahi kuukagua akakiri kwamba ni lake.

Mpinzani wake wa siku zote alikuwa dereva wa kliniki. Dereva alipohamia mji mwingine mwaka juzi, hakupatikana mwingine mwenye subira. Tangu hapo Jemadari anacheza pande zote mbili peke yake. Akimaliza zamu upande wa dirishani, anainuka, anavaa kofia nyingine, anakwenda kuketi upande wa mlangoni na kuyatazama majeshi kana kwamba hajawahi kuyaona. Vita vikiisha hujipa mkono. Mama wa usafi hupita na ufagio akamuuliza, "Leo nani kashinda, Jemadari?" Naye hujibu kwa uzito wote, "Nimeshindwa, mama. Huyu mtu wa mlangoni ni mjanja mno."

Jambo lililonifanya nimchunguze zaidi ni vitabu vyake. Kanuni za mchezo huu siku hizi zinapatikana kwenye simu, lakini yeye hataki kanuni isiyo ya karatasi. Fundi kijana wa meno ya kauri alijaribu kumbadilisha. Walicheza pamoja mara moja, Jemadari akiwa na kitabu, kijana akiwa na simu. Wakapumzika kula, na waliporudi simu ilikuwa imejipakulia kanuni mpya, na wapanda farasi waliokuwa wazima kabla ya chakula wakahesabiwa wamekufa. Jemadari alikifunga kitabu chake taratibu. "Sheria inayobadilika ukiwa unatafuna," alisema, "hiyo si sheria, ni umbea."

Mimi nina sababu yangu ya kukubaliana naye. Kitabu chake cha zamani, chenye alama za vidole vya plasta, hubaki mezani siku nzima, na ukikiachia kinafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa kurudi nyuma vitani, kwa sababu hapo ndipo yeye na dereva walibishana zaidi. Mimi nisingethubutu kumwambia mtu mzima, "Naomba unifundishe." Mdomo wangu ni mzito. Lakini kitabu hakikuulizi wewe ni nani wala unataka nini. Nilianza kukisoma huku natafuna, na nilipoitwa kazini niliweka kipande cha uzi wa kusafishia meno pale nilipofika. Siku moja nikakuta ncha ya uzi wangu imetiwa tone la nta ili usifumuke.

Mwezi uliopita kikaja kifurushi, zawadi aliyojinunulia ya kustaafu. Kilikuwa na boksi la wapanda farasi, boksi la wapiga mishale, na nakala mbili za kitabu kilekile cha kanuni, toleo jipya, kizito, kinanukia wino. Chumba kizima kilijiuliza ya pili ni ya nini. Fundi wa kauri alisema moja ni ya sebuleni na nyingine ya chooni. Mama wa usafi alisema ni moja kwa kila kofia. Jemadari moja aliiacha mezani, na imebaki hapo.

Kwake askari asiye na rangi hakanyagi uwanja. Wapanda farasi aliwapaka mwenyewe, lakini wapiga mishale walibaki rangi ya kijivu, maana muda wake wote sasa anamalizia meno, hataki kumwachia mrithi wake kazi ya mgonjwa hata mmoja. Nikampaka mmoja. Akatoka na uso wa mtu aliyetafuna ndimu. Siku iliyofuata, kando ya boksi, palikuwa na brashi nyembamba zaidi. Nikapaka wengine. Ikaja brashi namba sifuri, ile asiyomwazima hata fundi wa kauri. Wenzangu walipoanza kuulizana nani huyo, nilitazama kikombe changu. Jemadari alitazama dirishani, akasema, "Yeyote yule, asisahau viatu."

Sasa wana viatu. Wote.

Ijumaa, sherehe ikiisha, Jemadari atacheza mara ya mwisho, kwa sababu Jumatatu meza itaondolewa kupisha mashine mpya. Ameshasema atatumia viti viwili na kofia mbili kama kawaida. Mimi nataka kukaa kiti cha mlangoni. Sijawahi kusogeza askari mbele ya mtu. Lakini nisipokaa, fundi huyu ataondoka hapa akiwa amejipa mkono mwenyewe, na hilo sitaki.

Jemadari, kwa niaba ya maabara nzima, asante kwa meno, kwa mianya, na kwa kuacha kitabu wazi mezani. Tunakuombea uzee wenye macho makali, mkono usiotetemeka, na mpinzani kila unapomhitaji.

Nanyi wengine, nawaomba sana. Nakala yake ya wasifu huu tutampa mwisho, baada ya keki na baada ya vita. Mpaka hapo msimwambie. Akipita karibu yako, ikunje uikalie. Hii ni karatasi, haitalia.