Neno la Shukrani kutoka Nyumba Isiyoguswa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Diwani wetu. Shehe wetu uliyetufungulia kwa dua. Ndugu wataalamu wa mambo ya kale mlioacha lami pale Bungu mkala vumbi mpaka kwetu. Wazee wangu, wifi zangu, majirani: Assalaam aleikum.

Mie naitwa Shamsia, mke wa Mzee Twalibu wa nyumba hii ambayo kibao chake kimefunuliwa sasa hivi. Nimepewa kazi ya kutoa shukrani kwa niaba ya wenye nyumba za kale za mji wetu, na tangu jana nazitafuta hizo shukrani, nazipata, kisha zinaniponyoka. Mniwie radhi. Furaha ninayo, ila imechanganyika na jambo nisilolielewa, na sijui lipi litangulie kutoka mdomoni.

Mheshimiwa, umetusifu sana. Umesema nyumba hii aliijenga babu yake mume wangu, aliyekuwa akiuza boriti za mikoko kutoka visiwani, na kwamba imesimama vilevile alivyoiacha, kwa hiyo kuanzia leo ni urithi wa taifa na isiguswe. Watu wakapiga makofi. Na mie nikapiga, tena kwa nguvu, halafu mikono ikasita yenyewe. Isiguswe vipi?

Maana nyumba ya miti na udongo, Mheshimiwa, inaishi kwa kuguswa. Kila masika yakikaribia tunakanyaga udongo, tunakandika. Boriti ikiliwa na mchwa inatoka, inaingia nyingine. Makuti haya mnayoyapiga picha aliyaezeka Sufiani, yule pale anayejificha nyuma ya spika, mwaka juzi tu. Huyu kijana Ridhiwani, mmoja wa wataalamu hawa, alipokuja kupima aliushika ukuta wa mbele akasema, "Mama, hii ni mikono ya mababu." Nikaitikia kwa adabu. Ukuta ule tuliukandika mie na wifi yangu Hafsa, huku tukigombana kuhusu harusi ya mwanawe. Siku nzima nikajiuliza, au babu ndiye mie? Msicheke, nilijiuliza kweli.

Sasa basi. Ukuta wa nyuma umefunguka tangu mvua za vuli, na chumba cha upande huo ndicho anacholala Mzee Twalibu, ambaye miguu imemkataa. Mwanetu Ismaily amemjengea chumba cha matofali kule Kibiti, akaja na gari kumchukua, baba mtu akagoma. Anasema alizaliwa katika nyumba hii na atatolewa humo. Nikamwendea Ridhiwani: "Mwanangu, nizibe?" Akasema, "Mama, usiguse kwanza, utaharibu historia. Tutarudi na wataalamu wa kuta." Nikamuuliza, lini? Akatazama simu yake, akasema bajeti. Sina ugomvi naye, ni kijana mwenye adabu, hata chai yangu alikunywa akaomba tena. Lakini nilirudi ndani sijielewi.

Hivi mnanisifu kwa kuitunza nyumba, kisha mnanikataza kuitunza? Nyumba ya taifa ikivuja, Mheshimiwa, anayelowa ni taifa au ni mume wangu? Na hicho kibao mmekipigilia misumari ukutani. Huko nako si kugusa?

Nauliza kwa kutokujua, si kwa kebehi. Huenda jibu lipo na watu wote hapa wanalijua isipokuwa mie. Diwani ameniambia nisubiri. Shehe ameniambia nisubiri na nishukuru. Mume wangu nilipomwambia nyumba isiguswe, aliutazama ukuta, akanitazama, akasema, "Na mie je, nisiguswe?" Nikatoka nje kana kwamba kuna mtu ameniita. Naogopa, jamani. Naogopa ukuta umwangukie humo ndani, na huku nje kibao kinang'aa.

Wifi yangu Hafsa na majirani wamekwisha kuchota udongo, uko nyuma ya nyumba, umeloweshwa. Sikuwatuma, wala sikuwakataza. Basi, Mheshimiwa, kwa heshima zote, naomba unijibu hapa hapa mbele za watu. Ukisema nizibe, tutakushangilia mpaka wasikie watu wa kule Mbwara. Ukisema nisizibe, nakuomba uingie ndani umwambie Mzee mwenyewe, maana mie nimeshindwa kumtazama usoni. Na ukinyamaza, nitavua viatu nikaukanyage udongo leo hii. Mkirudi mwakani mkaikuta nyumba imesimama, nishtakini. Mkaikuta imelala chini, hamtakuwa na wa kumshtaki.

Nilitumwa kushukuru, nami nimeshukuru, kama hizi zilikuwa shukrani. Asanteni nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu.

Mheshimiwa, nangoja.