Shubiri Yangu na ya Shemeji

Bwana asifiwe, na nyinyi wa nyuma pia. Mimi ni fundi wa mbao pale mtaa wa Lindi, hapa jijini, na kwa miaka miwili nilimwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwizi.

Tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Mimi nafunga fremu kwa nyumba za wapangaji, yeye yuko mtaa wa Kawangware anatengeneza milango. Hakuna kati yetu aliyesoma. Tulipima kwa shubiri, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Nampelekea mbao, namwambia, "Shubiri tisa." Mlango ukija, mfupi. Kila mara mfupi. Nikajua huyu ananikatia mbao zangu anauza. Ndugu zangu, nilimtukana mbele ya watoto wake. Hata kwa matanga ya baba mkwe nilikaa mbali naye, na mke wangu akalia kwa sababu mbili.

Ni mke wangu aliyenisukuma kwa darasa la ngumbaru, lile la watu wazima ambao hawakusoma. Sikuamini hata kidogo. Mwalimu, msichana mdogo, anaandika majina yetu, ya nini? Nikampa jina la uongo. Wiki nzima ananiita, mimi nasahau kuitika.

Siku ya kuzidisha akatuambia tupime meza kwa shubiri. Mimi nikapata saba. Mama mmoja muuza mboga akapata tisa. Nikasema, "Huyu mama anadanganya." Mwalimu hakugombana. Alichukua rula akapima shubiri zetu: yangu inchi tisa, ya mama inchi saba. "Sasa zidisheni." Saba mara tisa, sitini na tatu. Tisa mara saba, sitini na tatu. Nikarudia tena na tena nikitafuta ujanja umefichwa wapi. Haukuwako. Mkono wa mama ulikuwa mdogo tu. Na shemeji yangu, nawaambia, mkono wake ni kama wa huyo mama. Aibu ilinishika nikaweka kalamu chini.

Kesho yake nikaenda Kawangware. Shemeji hakuacha msumeno. "Umefuata nini hapa?"

Nikamwomba kiganja chake, nikakiweka juu ya changu. Akaangalia vidole vyangu vikipita vyake. Akaweka msumeno chini. Halafu akasema, "Miaka miwili, shemeji." Hapo nililia.

Namshukuru yule mwalimu, namshukuru mke wangu. Na wewe unayemshuku mtu wako, kaa naye mpige hesabu pamoja kabla hujafungua mdomo. Sisi tunafanya kazi tena. Lakini mpaka leo nikimpa kipimo, anarudia kupima mwenyewe. Namwacha apime.