Kaka Wembe na Sindano za Jicho

Marehemu kaka yetu, mliyemwita Kaka Wembe, alizaliwa mwaka 1957, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Nilimfuata mimi, mwenye sura nzuri zaidi. Shule aliishia darasa la saba; nilimpita kwa darasa moja, jambo alilopenda kulisahau mbele za watu.

Mwaka 1979 alifungua chumba chake cha kunyolea nyuma ya soko. Mteja akitikisika, alimbana kichwa: "Tulia, bwana, sikio halioti tena." Siku moja alimnyoa kijana vibaya; dada wa kijana akaja kugomba, akabaki kuwa shemeji yetu. Walioana mwaka 1984.

Kisha sukari ikamkamata, ikapanda machoni. Mishipa midogo nyuma ya jicho ikawa inavuja, ndevu za wateja zikawa ukungu. Daktari alisema dawa ipo, ila hudungwa ndani ya jicho lenyewe, tena mara kwa mara. Kaka akanigeukia: "Mdogo wangu, nisipodungwa, giza. Nikidungwa, sindano. Hakuna mlango wa tatu?"

Haukuwepo.

Nilimsindikiza mimi, si mwingine. Walimfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja, kope zikazuiwa kwa kiwaya zisifumbe. Jicho lilitiwa ganzi, woga haukutiwa. Nilishika dole gumba la mguu wake, nikamwambia, "Tulia, bwana, jicho halioti tena." Akanipiga teke.

Baada ya sindano chache aliona vizuri, akatangaza amepona, akaacha. Kinyozi mzima, aliyeishi kwa sababu nywele hurudi, hakufikiri kwamba ugonjwa nao hurudi! Damu ikavujia ndani, jicho la kushoto likazimika. Tangu hapo, siku ya miadi alivaa viatu kimyakimya, kama mfungwa aliyeitwa jina lake, akaenda kuliokoa la kulia.

Mwaka jana figo zilichoka. Daktari akasema kwa siku chache zilizobaki si lazima jicho lisumbuliwe tena. Kaka akakataa: "Nataka kuwaona mnaonizunguka." Akadungwa.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo alinitazama sana, akaniita karibu. Nikainama, nikidhani ni wosia.

"Nani kakunyoa? Kakuharibu."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi, pamoja na kichwa hiki mnachokiona. Alale salama kaka yetu, miadi imekwisha.