Kijana Asiyeumwa

Ndani ya Noah ya abiria kutoka Ngaramtoni kwenda hospitalini, Lengai alikuwa ameupakata mkono wake kama mtoto. Panga la kukatia majani ya ng'ombe lilimpitia kwenye kiganja juzi, na vidole viwili vimekufa ganzi.

"Unauma?" akauliza mama aliyeketi kando yake.

"Hapana, mama."

"Na daktari aliyekufunga bandeji hiyo ulimjibu hivyo hivyo?"

Kijana aliyetahiriwa bila kupepesa jicho angejibu vipi tena? "Ndiyo. Hata dawa hakunipa."

"Ndiyo maana hukupewa dawa! Mwanangu naye alijikaza hadi kidonda kikakauka, upasuaji ukawa mgumu. Mshipa wa fahamu hausubiri, baba. Wako bado mbichi, utaungika."

"Nikisema unauma, wataniona mwoga."

Gari liliposimama hospitalini, mama akaupapasa mkono ule kidogo tu.

"Aiii!"

"Haya," akasema mama, "shuka upesi, kamwambie daktari hivyo hivyo."